Nilipata A ya Jiografia, Nikashindwa Kusoma Karatasi ya Mama

Mama aliniita nikiwa nafua uani. "Wewe si umepata A ya Jiografia? Njoo basi unisomee hii."

Ilikuwa Agosti. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka mwezi mmoja nyuma, na nyumbani kwetu Mbezi Beach kila mgeni aliyeingia alikuwa anaambiwa habari za ile A kabla hajakaa. Karatasi aliyonipa mama ilikuwa imekunjwa mara nne, imetunzwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na risiti za kodi ya ardhi na cheti changu cha kuzaliwa. Ilikuwa nakala ya ramani ya upimaji ya kiwanja chetu. Nje, fundi wa mzee jirani alikuwa ameshavuta kamba ya kujenga ukuta, na ile kamba ilikuwa imeuacha mwembe upande wao. Mama anasema mwembe ni wetu, ameumwagilia maji miaka kumi na tisa. Mzee anasema mwembe umeota kwake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anasema anavyokumbuka yeye, enzi zile hapakuwa na mwembe kabisa.

Niliichukua karatasi kwa kujiamini. Swali la ramani kwenye mtihani nililimaliza mapema, nikabaki natazama dari. Marejeo ya gridi, kukokotoa umbali wa reli, kuchora mkato wa ardhi, kueleza makazi yamekaa kwa mtindo gani: yote hayo nilikuwa nayajua. Sasa mbele yangu kulikuwa na umbo la pembe nne, herufi na namba kwenye kila kona, mistari yenye digrii na dakika, jedwali la namba ndefu za tarakimu sita na saba, na maneno ya Kiingereza pembeni. Nikaigeuza juu chini. Nikaigeuza tena.

"Haya, mpaka uko wapi?"

"Mama, hapa panahitaji mtaalamu."

Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Wanachuo wenzangu, siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu mwaka huu namaliza shahada ya ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Kiswahili, na muda si mrefu nitasimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha somo ambalo mimi mwenyewe lilinitupa pale pale lilipohitajika. Hoja yangu ni moja. Ramani za ardhi ya nchi hii zinaidhinishwa na ofisi ya umma na zinalindwa kwa sheria ya umma, ila umma wenyewe hatujafundishwa kuzisoma. Kazi ya kuufundisha umma ni ya ile ofisi, na ni yetu pia sisi tunaosomea ualimu.

Kwanza nimalize habari ya mwembe, maana ndani yake kuna somo zima.

Nilikwenda ofisi moja inayohusika na ardhi. Sitaitaja, maana shida niliyoikuta naamini ipo na kwingine. Mara ya kwanza nikaambiwa faili liko jengo jingine. Mara ya pili aliyekuwa na faili yuko uwandani. Mara ya tatu nikaambiwa niandike barua, na barua nikaandika. Nikaona bwana, zama hizi nani anasubiri faili? Nikapakua programu kwenye simu, nikaingiza zile namba ndefu za kwenye jedwali moja moja. Alama ikaangukia juu ya paa la baa, mtaa wa pili.

Nilikosea kumwonyesha rafiki yangu. Kufika jioni habari ilikuwa imeshafika kwa jirani: hata simu imesema kiwanja cha wale hakipo pale, karatasi yao ni ya kughushi. Kuanzia siku hiyo salamu zikakatika. Mama akipita barazani kwao anatazama mbele. Watoto wao wadogo waliokuwa wanakuja kuangalia katuni kwetu wakakatazwa.

Desemba mzee akafariki. Huyu ndiye aliyembeba baba yangu mgongoni usiku wa mvua, mwaka nikiwa darasa la pili, gari la wagonjwa liliposhindwa kuingia mtaani. Mama alituma rambirambi kwa mkono wangu. Kwenye matanga hakwenda. Kwenye arobaini hakwenda. Nilikaa peke yangu kwenye mkeka, kila aliyeingia akaniuliza, "Mama yuko wapi?" Nikasema anaumwa.

Aliyemaliza mambo ni kijana wa mzee, ambaye tulisoma naye shule ya msingi. Tulipigiana simu kama wezi, wakubwa wasijue, tukakubaliana tutafute mpima aliyesajiliwa na tuchangie nusu kwa nusu. Nusu yangu ilitoka kwenye bumu la muhula wa pili, na wanaojua maisha ya hosteli wanajua maana yake. Mpima akaja na chombo chake, akaomba karatasi zote mbili, ya kwetu na ya kwao. Akaziweka juu ya boneti ya gari, moja pembeni ya nyingine. Akacheka.

"Mmegombana nini? Karatasi zenu zinasema kitu kimoja."

Akatembea, akasimama kwenye mfereji ulioziba kwa moramu na mifuko ya plastiki, akamwambia fundi achimbe. Kama futi moja chini tukaikuta bikoni: zege, katikati nondo, na namba ile ile iliyoandikwa kwenye kona ya karatasi ya mama na kwenye kona ya karatasi ya mzee. Mwembe ulikuwa wa mzee. Ile kamba ya fundi, ambayo mama aliiita kamba ya dhuluma, ilikuwa imekosea kwa sentimita chache, tena kwa faida yetu.

Miezi saba. Jibu lilikuwepo kwenye nyumba zote mbili, ndani ya bahasha, na hapakuwa na mtu wa kulisoma.

Nilimuuliza yule mpima kuhusu simu yangu. Akanieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia darasani. Ramani yetu ni ya zamani, na namba zake zimehesabiwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, ambao Tanzania, Kenya na Uganda tuliutumia kwa pamoja. Mfumo huo ulitokana na kazi ndefu ya kupima dunia kwa kufuata mstari wa longitudo 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini kupanda hadi Misri, mstari ambao kwetu unapita kule mbali magharibi. Simu inatumia mfumo mwingine, ule wa setilaiti. Umbo la dunia linalotumika kwenye hesabu si lile lile na mahali pa kuanzia kuhesabu si pale pale, kwa hiyo ukichukua namba za mfumo wa zamani ukazimwaga kwenye simu bila kuzibadilisha, huku kwetu unaikosa sehemu halisi kwa karibu mita 300. Kwa Mbezi Beach mita 300 zinatosha kukutoa kwako na kukuweka juu ya paa la baa. Nchi imeshatengeneza mfumo mpya unaoendana na setilaiti, TAREF11, lakini karatasi za wazazi wetu bado zina namba za zamani. Kwa hiyo karatasi ya mama haikuwa ya kughushi. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga, na ujinga wangu ukawa ushahidi mtaani.

Sasa tuizungumzie ofisi yenyewe. Wengi wetu tukisikia Idara ya Upimaji na Ramani, iliyo chini ya Wizara ya Ardhi, tunawaza hati na foleni. Kazi yake inaanza mbali zaidi. Ndiyo inayotunza alama za msingi za upimaji, zile nguzo zilizopandwa juu ya vilima na kando ya barabara, ambazo kila mpima nchini lazima aanzie hapo. Ndiyo yenye ramani za nchi nzima za kipimo cha 1:50,000, ambazo vipande vyake mnavikumbuka kwenye mtihani wa kidato cha nne. Inashughulika na alama za mipaka yetu na nchi jirani. Na kubwa kwa mwananchi wa kawaida: kiwanja kikipimwa, awe amepima mpima wa halmashauri au wa kampuni binafsi, kazi hiyo haina nguvu ya kisheria mpaka ramani yake iidhinishwe.

Mlolongo wake ni huu. Anatangulia mtu wa mipango miji, anachora mchoro unaoonyesha wapi nyumba, wapi barabara, wapi shule, wapi pa wazi. Mchoro huo watu wa ardhi wanauita TP. (Siku ya kwanza nasikia mtu akisema "TP ya Mbezi imebadilishwa" nilidhani wamenihamishia shule ya mazoezi ya kufundisha.) Ndipo mpima anakwenda uwandani, anapanda bikoni kufuatana na mchoro, anapima pembe na urefu, anachora ramani, inaidhinishwa. Hati inakuja mwisho kabisa. Ukiuziwa kiwanja ukaambiwa "kimepimwa", swali la kwanza si hati iko wapi. Swali la kwanza ni ramani iliyoidhinishwa ina namba gani, na bikoni ziko wapi, nizione. Madalali wanalijua swali hilo na wanaomba Mungu usiulize.

Upimaji si uchawi. Ni kazi ya binadamu, ina makosa na ina marekebisho. Sote tumekariri kwamba Kilimanjaro una mita 5,895. Hiyo ni namba ya upimaji wa mwaka 1952. Mwaka 1999 mlima ukapimwa upya kwa setilaiti, ikatoka mita 5,892. Mlima haukupungua, vyombo ndivyo vilivyobadilika. Lakini mwalimu akiandika ubaoni 5,895 bila kusema nani alipima, lini na kwa chombo gani, anamfundisha mtoto kwamba namba za ramani zimeshuka kutoka mbinguni. Mtoto huyo akikua, akiletewa karatasi yenye namba, ataiabudu au ataiogopa. Kuihoji hawezi.

Woga huu una historia. Wajerumani mwaka 1895 walitoa amri kwamba ardhi ambayo mtu hawezi kuthibitisha kuwa ni yake inakuwa mali ya dola, na mkulima wa Uzaramo angethibitisha kwa karatasi gani? Waingereza wakaja na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923. Mji wetu huu ukapangwa kwa ramani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mstari wa mpima ulikuwa unamwambia babu asivuke hapa. Hakuna aliyekusudia babu aisome ile ramani, ilitosha aitii.

Uhuru ulikuja, sheria zikabadilika. Tuna Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinazomtambua hata mwenye ardhi ya kimila. Siidharau kazi hiyo. Ila tabia ya ramani kukaa juu na mwananchi kukaa chini imebaki. Angalia Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, wengi wao wakiishi kwenye maeneo yaliyojengwa kabla mpima hajafika. Kwa familia nyingi, mchoro wa kwanza wa serikali kuuona kwa macho yao ni herufi X nyekundu ukutani. Desemba 2015, nyumba za bonde la Msimbazi zilipoanza kuvunjwa, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yenye kifungu cha mita 60 kutoka kingo za mto ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Sisemi watu wakae mtoni. Waliofikwa na mafuriko ya Desemba 2011 hadi wakahamishiwa Mabwepande wanajua mto unavyofanya. Nauliza tu: katika miaka hiyo kumi na moja, ni mitaa mingapi iliyobandikiwa ramani inayoonyesha mstari wa mita 60 unapita wapi? Hata sisi wa Mbezi Beach, tunaoonekana watu wa kuta ndefu na mageti, tuna mabonde yetu, na wapo wanaouziwa viwanja humo kiangazi, wakati mto ni mchanga mtupu na watoto wanachezea mpira.

Narudi darasani, maana huko ndiko ninakostahili kulaumiwa.

Mwaka jana nilikuwa TP, ile ya kwetu, kwenye shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji. Kidato cha tatu, wanafunzi 72, mada ya upimaji wa mwanzo na utengenezaji wa ramani. Muhtasari unataka mtoto ajue upimaji wa mnyororo na wa dira. Mnyororo haukuwepo. Dira haikuwepo. Mwalimu mwenyeji akanishauri kwa nia njema: "Chora mnyororo ubaoni, wape faida zake na hasara zake, wakariri. Mtihani ndivyo unavyouliza." Nikachora. Kipindi cha kwanza kikaisha, watoto wakaweza kunitajia hasara tano za mnyororo ambao hawajawahi kuugusa.

Usiku ule nikamkumbuka yule fundi wa ukuta. Fundi hana cheti, lakini nilimwona akitafuta skwea ya msingi kwa kamba: mita tatu huku, mita nne kule, mshazari ukija mita tano basi kona imekaa. Kitabu changu kinafundisha njia hiyo hiyo ya kupata pembe mraba kwenye upimaji wa mnyororo, na mimi niliifaulu kwa maandishi. Fundi anaijua kwa mikono.

Kesho yake nikanunua kamba ya katani, nikaifunga fundo kila mita, nikatafuta vijiti. Tukatoka nje. Tukapima uwanja wa shule, tukachora kwa kipimo kwenye karatasi ya manila. Ikatokea kitu ambacho sikukipanga: kwenye kona ya uwanja, nyuma ya vyoo, mtoto mmoja akajikwaa kwenye zege. Bikoni. Mwalimu mwenyeji, mwenye miaka kadhaa pale, alikuwa hajawahi kuiona. Watoto wakaanza kutafuta nyingine, wakapata mbili, ya nne hatukuipata. Nikawaeleza kwamba kuing'oa au kuiharibu ni kosa kisheria. Mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, kama ya nne imeng'olewa, uwanja wetu unaishia wapi?" Ndilo swali bora nililowahi kuulizwa darasani, na halimo kwenye mtihani wowote.

Kuna watakaosema kazi hii ni ya wataalamu, tusiwaingilie. Nakubali nusu. Kupima kiwanja ili kipate hati ni kazi ya mpima aliyesajiliwa, na mimi na kamba yangu ya katani hatuna mamlaka hayo. Lakini kusoma si kupima. Huhitaji kuwa daktari ili usome maelekezo kwenye pakiti ya dawa. Na wanafunzi wameshathibitisha kwamba wanaweza kufanya zaidi ya kusoma. Mwaka 2015 wanafunzi wa Mlimani na wa Chuo Kikuu Ardhi, majirani zetu hapa, waliingia kwenye mitaa ya bondeni wakishirikiana na wakazi wenyewe, wakachora nyumba, mifereji na njia kwa ajili ya kukabili mafuriko. Mradi ule uliitwa Ramani Huria, na kabla yake Tandale walishachorwa mwaka 2011. Zanzibar nako, kuanzia 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha ndege zisizo na rubani kupiga picha visiwa vyote. Na Rwanda, kati ya 2009 na 2013, walitambua vipande zaidi ya milioni 10 vya ardhi kwa kuwatumia vijana wa mahali pale pale waliopewa mafunzo mafupi: wanatembea na picha ya angani iliyoprintiwa, majirani wanasimama pande zote mbili, mstari unachorwa mbele ya macho ya wote. Usahihi wake haufikii wa bikoni, hilo ni kweli. Lakini kila mtu aliuona mstari wake ukichorwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanasema ramani zikiwekwa wazi matapeli watazitumia. Watajua kiwanja kipi kimelala, mwenyewe yuko Ulaya, wakakiuze. Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba matapeli hawasubiri ramani ziwekwe wazi. Tapeli anajua namba ya kitalu, anajua TP ilibadilishwa lini, anajua kona ipi haina bikoni. Asiyejua ni mjane, ni mstaafu aliyeshika kiinua mgongo chake, ni mwalimu mpya anayelipia kidogo kidogo. Jina la mmiliki linaweza kulindwa. Mstari wa mpaka, barabara iliyopangwa, eneo la wazi la watoto, njia ya mto, hivyo vikifichwa anayenufaika ni yule mwenye kufuli.

Basi nini kifanyike? Sina mambo mengi.

Kwa ofisi ya upimaji na ramani, na halmashauri zetu: kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na ramani iliyoidhinishwa ya mtaa ule ukutani, kubwa, kwa Kiswahili. Nasisitiza Kiswahili. Karatasi inayomwambia mama yangu mali yake inaishia wapi haiwezi kuzungumza lugha ambayo mama hakusoma. Pembeni iandikwe mfumo wa namba uliotumika, na onyo kwamba usiziingize kwenye simu hivi hivi. Najua kuna mifumo ya kielektroniki inajengwa, na ni jambo jema, lakini bibi wa Mbezi Juu hana nywila. Ukuta anao.

Kwa wanaotunga mitaala na mitihani: swali la ramani libaki, lakini siku moja walau liwe ramani ya kiwanja au ya mtaa. Mtoto aulizwe: kona ya pili iko umbali gani kutoka kona ya kwanza, na inaelekea upande gani? Kwa hesabu za kidato cha pili anaweza.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi, iliyotupa kurasa hizi: mbona kila mwaka tuna bonanza, tuna mdahalo, tuna mashindano ya urembo? Tunaweza kuwa na Jumamosi moja kwa muhula ya kusoma karatasi. Wanafunzi wa upimaji kutoka Ardhi, wa sheria, na sisi wa ualimu, tunakwenda mtaa mmoja, tunakaa chini ya mwarobaini nje ya ofisi ya mtaa, wananchi wanaleta bahasha zao za kaki. Hatupimi, hatuamui kesi, hatuchukui hela. Tunamsomea mtu kilichoandikwa na kumwonyesha bikoni yake ya kwanza. Kama kuna mgogoro unaendelea, tunamwelekeza baraza la kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Naahidi kuwa wa kwanza kujiandikisha, na kamba ninayo.

Kwako wewe unayesoma hapa huku unasubiri wali wa kantini: likizo hii ukifika nyumbani, omba uione karatasi ya kiwanja au ya shamba. Kama haipo, uliza kwa nini haipo. Kama ipo, tembea nayo hadi kwenye kona. Ukishindwa kuisoma, usiseme "panahitaji mtaalamu" ukairudisha, kama nilivyofanya mimi. Andika usichoelewa, kiulize.

Mama alikwenda kwa yule mama mjane wiki moja baada ya bikoni kupatikana. Sikuambiwa walizungumza nini. Nilichoona ni kwamba alikaa huko kuanzia saa kumi mpaka taa zikawashwa, na aliporudi alikuwa amebeba embe kwenye khanga. Alizimenya mezani, akanipa moja, akasema, "Kula. Za mzee hizi."

Ukuta ulijengwa. Mwembe uko upande wao, matawi yanaangukia kwetu kama zamani. Ile karatasi siku hizi haimo kwenye bahasha. Nimeiandika upya kwa Kiswahili, kona kwa kona, nimeibandika nyuma ya mlango wa sebuleni, na mdogo wangu wa darasa la sita anaisoma vizuri kuliko nilivyoisoma mimi na A yangu.